Kilo Kumi za Unga

Mimi ndiye niliyekuwa naandika.
Kibwana Pazi anasoma mshale, anatamka,
nami natia wino: Mwanahawa, ishirini na mbili.
Chausiku, kumi na tisa na nusu.
Ghala la Mlingotini, mwani mkavu unanuka chumvi,
viroba vimepangwa ukutani
kama watoto wanaongoja chanjo.

Sikudhani ndiye aliyenitia shaka, tena bila neno.
Alikitua kiroba chake, akasikia "kumi na nane,"
akakitazama
kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenziwe.
Kichwa kilichobeba mizigo tangu utotoni
hakikosei kwa kilo mbili.

Jioni nikabaki. Nikaning'iniza unga wa kilo kumi,
mfuko mpya, mshono wa kiwandani haujaguswa.
Mshale ukaenda mpaka nane, ukasimama,
hauna hata haya.

Sasa niseme kweli juu yangu.
Nyumbani mimi ni simba. Mdogo wangu akiunguza wali,
mtaa wa pili wanasikia.
Kazini mimi ni "samahani", ni "ukipata nafasi",
ni "labda sijaona vizuri".
Usiku ule nikajiuliza: ujasiri gani huu
unaochagua wa kumwangukia?
Na upole gani, unaoangalia cheo kwanza
ndipo umwamkie mtu?

Ningeweza kumvua nguo mbele ya watu.
Na nilitamani.
Nilishaipanga hata sentensi, nikaionja, tamu.
Ule utamu ndio ulionitisha.

Nikaenda kwake. Mkewe alikuwa akimkanda mtoto mguu,
yule aliyerudi kutoka hospitali na vyuma,
na nadhani nikajua zile kilo mbili zilikokuwa zikienda.
Nikakataa chai. Ningekunywa, nisingesema.
Tukatoka uani, penye beseni la nguo.
"Kibwana, kesho saa mbili, kabla ya kiroba cha kwanza,
nitaupima unga huu watu wakiona.
Nimekuja leo ili usiku uwe wako."
Hakunitukana. Heri angenitukana.
Alisema tu, "Na wewe ndiye uliyekuwa unaandika."

Asubuhi mshale ukagonga kumi, ukatulia.
Wanawake wakacheka: "Leo tunauza na sembe?"
Kibwana akatamka namba kwa sauti iliyokauka,
nami nikaandika, nikijiona mtu mzima,
fundi wa kuiokoa kweli bila kumzamisha mtu.

Mpaka zamu ya Sikudhani. Ishirini kamili.
Vidole vyake vimepasuka kwa chumvi na kamba;
akavifuta kwenye kanga, akaniuliza mimi, si Kibwana,
taratibu, kama anayeuliza njia:
"Na zile kilo za tangu mfungo?"

Hapo ndipo nilipojua nimemsitiri mmoja
kwa shuka la wengine.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama.
Mimi hakuna aliyenivua; nikachutama vilevile,
nikalifungua daftari sakafuni, ukurasa wa kwanza,
nikasema kwa sauti ninayoitumia nyumbani kwa wali ulioungua,
ila safari hii haikumtafuta mnyonge:
"Mizani ilikuwa mbovu. Nami niliandika ubovu wake.
Njooni tuhesabu."

Wakaja. Kiroba kwa kiroba, mbili, mbili, mbili.
Mwanahawa alilia kwa hasira, akanitaja mimi na ukoo wangu;
nikamwacha amalize.
Sijui kampuni itasemaje Jumatatu.
Sijui nitakuwa na kalamu hii Jumanne.

Kibwana alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu juani.
Hakuna aliyemtaja. Hakuondoka.
Nikamsogezea kigoda.
Sikukisogeza karibu sana.